Mshipa upi huo? Maswali yenu ya neva na misuli

Mwezi uliopita nilisema anayesumbuliwa na "mishipa" aniandikie nitajibu yote kwa pamoja, kumbe nilikuwa najitafutia kazi, meseji zimejaa mpaka simu inakwama. Na tatizo naliona ni hili neno lenyewe. Kiswahili chetu kitamu ila kwenye mshipa kimetuchanganya, maana mshipa wa damu ni mshipa, neva nayo mshipa, zile kano za nyuma ya goti mshipa, na mzee mwenye ngiri naye ukimuuliza anaumwa nini atakwambia mshipa. Sasa mtu anaingia anasema "dokta mishipa inanisumbua", anatoka na dawa ya kuchua. (Halafu mi sio dokta jamani, ni fizio, yaani mtu wa mazoezi ya tiba ya viungo, nimezeekea wodini, mnaniita dokta sawa nakubali ila mjue.)

Ndo maana kabla sijajibu huwa nauliza vitu vichache tu: ilianza wapi mwilini, ghafla au polepole, asubuhi na jioni ni sawasawa, na je kuna ganzi au ni kukosa nguvu peke yake. Kwenye hayo majibu mara nyingi ugonjwa unajitaja wenyewe hata kabla ya vipimo. Nimechagua barua tano.

SWALI: Shikamoo dada. Mwanangu wa kiume ana miaka mitano na nusu, anaangukaanguka hovyo, ngazi anapanda kwa kujivuta kwenye ukuta na kukimbia hajui kabisa. Vigimbi vyake vikubwa mpaka bibi yake anasema huyu atakuwa mchezaji mpira. Tulipima damu kwenye hospitali moja wakasema ini lina shida, akapewa dawa miezi mitatu hakuna kilichobadilika. Ukweni wanasema ni mambo ya kwetu mimi. Nina mdogo wake pia wa kiume ana mwaka mmoja na miezi, naogopa hata kumwangalia. Mama wa watoto wawili, Mwanza.

Marahaba mdogo wangu, pole sana. Hii nimeiweka ya kwanza kwasababu inanihusu hata mimi. Miaka ya mwanzo kazini aliletwa mtoto kama wako, nikamwambia mama yake mtoto mvivu huyu, mpeni mazoezi, na nikampangia kuruka kichurachura. Mpaka leo nikikumbuka najisikia vibaya.

Fanya hivi leo jioni. Mkalishe chini sakafuni katikati ya chumba, asiwe na cha kushika, mwambie asimame. Akijigeuza akapiga magoti kwanza, akainua makalio juu, halafu akaanza kujipanda mwenyewe kwa mikono, anashika magoti, anashika mapaja, mpaka anafika wima, basi mchukue video na simu upeleke hospitali. Hiyo video ina thamani kuliko maelezo ya nusu saa. Maana yake misuli ya nyonga na mapaja imechoka, anaazima nguvu za mikono.

Mtoto wa kiume wa umri huo, mwenye vigimbi vikubwa, anayeinuka namna hiyo, cha kwanza kufikiriwa ni ugonjwa wa misuli unaoitwa Duchenne, jina la daktari wa Ufaransa aliyeueleza miaka ya 1860. Sisemi kwamba ndo huo, sijamuona. Nasema upimwe huo kwanza.

Unavyofanya kazi sasa. Kila seli ya msuli ina ngozi yake nyembamba, na msuli ukijikunja hiyo ngozi inavutwa. Kuna protini inaitwa distrofini, kazi yake kuishikilia, kama zile kamba zinazoshika turubai la lori. Ondoa kamba, lori likishika mwendo turubai linachanika. Mtoto wa Duchenne hatengenezi distrofini, kwahiyo kila akikimbia akipanda akiruka misuli inachanika kidogokidogo, na inapochoka kujikarabati panajaa mafuta na makovu. Vigimbi vikubwa ndo hivo, sio nguvu ile, mwambie bibi kwa upole.

Na hilo la ini ndo limenikera, ingawa silishangai. Vile vimeng'enya wanavyopima kujua hali ya ini, ALT na AST, na misuli pia inavyo. Msuli ukichanika vinamwagika kwenye damu, karatasi inasoma juu, mtu anaandika ini. Omba wapime kimeng'enya cha misuli kinaitwa CK, kwa watoto hawa huwa iko juu mara kumi, mara hamsini, hata mara mia ya kawaida, huhitaji miwani kuiona. Ukitaka kujua kama ini nalo limo, kuna kipimo kingine cha GGT ambacho msuli hauchangii. CK ikiwa juu hivo mpelekwe rufaa, Bugando hapohapo Mwanza au Muhimbili, muulize kuhusu kipimo cha vinasaba.

Kuhusu ukweni. Jeni (kinasaba) yenye shida inakaa kwenye kromosomu ya X, moja ya nyuzi zinazobeba vinasaba ndani ya seli, na mtoto wa kiume X yake anaipata kwa mama, baba anatoa Y. Hapo ndo maneno yanapoanziaga. Ila sikiliza, karibu theluthi moja ya watoto hawa mama zao hawana jeni hiyo kabisa, imeharibika yenyewe mara ya kwanza kwa mtoto. Na hata kama unayo, hukuinunua dukani, ulizaliwa nayo kama ulivozaliwa na rangi ya macho yako. Ukiwa nayo kila mtoto wa kiume ana nafasi nusu kwa nusu ya kuugua, na kila binti nusu kwa nusu ya kuibeba kama wewe. Mdogo wake msisubiri aanze kuanguka, CK hupanda tangu mtoto anazaliwa, kwahiyo wapimeni wote siku moja, ikiwa ya kawaida utalala usingizi.

Ikithibitika, dawa ya kuumaliza haipo. Ningekudanganya ningekuwa nauza virutubisho. Kuna tiba ya jeni ilipitishwa Marekani 2023, bei yake zaidi ya dola milioni 3 kwa mtoto mmoja, na 2025 wagonjwa wakafariki kwa ini kushindwa kazi, kwahiyo wanaokutumia viungo vya "tiba mpya" kwenye WhatsApp waambie asante. Kinachosaidia kweli ni cha kawaida: prednisolone kwa dozi atakayopanga daktari, inachelewesha siku ya kiti cha magurudumu, bila hiyo wengi wanaacha kutembea kabla ya kufikisha miaka 13. Ina kero zake, uzito unapanda, mifupa inadhoofika, usimkatishe ghafla. Kunyoosha nyama ya nyuma ya mguu kila siku kisigino kisije kukaza, na kifaa cha kuvaa mguuni usiku, hospitali ya KCMC Moshi wana chuo kinachofundisha mafundi wa vifaa hivyo. Moyo uangaliwe kila mwaka maana nao ni msuli. Kichurachura, kukimbizwa kushuka mlima, adhabu za push-up shuleni, hapana, nenda kaongee na mwalimu. Kuogelea na kutembea kwake kwa kawaida ruksa.

Na hili liandike kwenye daftari lake la kliniki kwa kalamu nyekundu: akifanyiwa operesheni yoyote, hata ya jino, mwambieni mtu wa dawa za usingizi mapema. Kuna dawa inaitwa suxamethonium kwa watoto hawa inaweza kusimamisha moyo.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari. Asubuhi naamka mzima kabisa, vipindi viwili vya kwanza naongea vizuri ila kufika saa nane kope la kushoto linaanguka, naona ubao ukiwa mbao mbili, na sauti inatokea puani kama mlevi. Mkuu wa shule ameshaniita mara mbili kuniuliza kama nakunywa. Mimi hata soda sinywi. Nikilala kidogo mchana napata nafuu. Nimepimwa macho wakanipa miwani haijasaidia. Mwalimu, Dodoma.

Mwalimu wangu, umejieleza kama kitabu, na hilo la "asubuhi mzima saa nane hovyo" ndo jibu lenyewe. Stroku, yaani kiharusi, haijui saa. Kitu kinachoisha kadri unavyokitumia na kurudi ukipumzika, tena kwenye macho, sauti na kutafuna, hicho kinaitwa mayasthenia gravisi mpaka vipimo vikatae.

Hapa neva nzima, msuli mzima, shida iko pale wanapokutana. Neva ikifika kwenye msuli inamwaga kemikali inaitwa asetilikolini, msuli una vipokeo vyake vya kuidaka, ndo unajikunja. Mwili wako umetengeneza kinga inayokwenda kuziba vile vipokeo. Ni kama umeme upo kwenye nguzo na taa nzima ipo ila soketi imeingia kutu, asubuhi inawaka, ikitumika inapepesa. Haina ganzi, haina maumivu, ndo maana watu wanadhani unajifanya.

Nyumbani jaribu hivi: kope likiwa limeanguka, funga barafu kwenye kitambaa, weka juu ya jicho ulilofumba dakika mbili, kisha jiangalie kwenye kioo. Kope likipanda wazi kabisa, hiyo ni dalili nzuri ya kumpelekea daktari (piga picha kabla na baada). Halafu kuna kipimo cha damu cha hizo kinga, na watakupiga CT ya kifua, kwasababu kuna tezi nyuma ya mfupa wa kifua inaitwa thaimasi, ambayo kwa mgonjwa mmoja kati ya kumi au zaidi kidogo ina uvimbe.

Kuna stori naipenda hapa. Mwaka 1934 kulikuwa na daktari mwanamke Uingereza, Mary Walker, kwenye hospitali ya kawaida tu ya Greenwich. Aliona hawa wagonjwa wanafanana na mtu aliyepigwa sumu ya mishale ya Amerika Kusini, kurare, akajiuliza kama ugonjwa unafanana na sumu basi dawa ya kuipinga sumu si itawafaa? Akachoma, mgonjwa akafungua macho. Ndugu wa dawa ile ndo tunatumia mpaka leo, pyridostigmine, kidonge cha miligramu 60, unakisikia ndani ya nusu saa mpaka saa moja na kinaisha baada ya masaa matatu manne, kwahiyo wengi wanakipanga kabla ya kula au kabla ya kipindi. Ukiharisha kidogo na tumbo kusokota ndo tabia yake. Mara nyingi wataongeza prednisolone au azathioprine ya kutuliza kinga.

Sasa hapa nisikilize vizuri kuliko pote, mwalimu, kwasababu huku kwetu mtu akisikia uchovu anakimbilia dawa ya malaria. Kwinini inaweza kukuangusha. Klorokwini pia. Antibiotiki kama sindano ya gentamicin, cipro, azithro, erythro, baadhi ya dawa za presha zile za kushusha mapigo ya moyo, magnesiamu ya dripu, zote hizi zinazidi kuziba ile soketi. Nilishamuona dada mmoja aliyekuwa anaongea asubuhi akachomwa genta kwa ajili ya UTI, usiku alikuwa kwenye mashine ya kupumua. Andika karatasi, iweke nyuma ya kitambulisho, kila duka la dawa utakaloingia itoe kwanza.

Na dalili za kukimbia hospitali usiku huohuo: mate yanakushinda kumeza, ukilala chali pumzi inakata, au huwezi kuhesabu mpaka ishirini kwa pumzi moja. Usisubiri kukuche. Mkuu wako mpelekee barua ya daktari, na uombe vipindi vya asubuhi.

SWALI: Natumia dozi ya TB mwezi wa tatu huu. Miguu inawaka moto usiku hadi natoa shuka, vidoleni ganzi. Jirani kanishauri niache dawa wiki mbili na nichome sindano za vitamini za neva. Tanga.

Dawa ya TB usiache hata siku moja, jirani mpe soda aende. Moja ya dawa ulizonazo, isoniazid, inaula vitamini B6 mwilini, na neva zinaihitaji. Neva za vidole vya miguu ndo ndefu kuliko zote, kutoka kiunoni mpaka kidole gumba ni kama mita moja, kwahiyo njaa ikiingia zinaumia za mwisho wa barabara kwanza, ndo maana ganzi inaanza kama umevaa soksi. Rudi kliniki ya TB uwaambie, kuna kidonge kidogo cha pyridoxine. Sindano za dukani usijichome kiholela, hiyohiyo B6 ikizidi sana kwa muda mrefu nayo inaua neva, watu hawaamini nikisema hivi.

Wapime na sukari, na kama hujapima VVU pima, na kama unakunywa pombe niambie ukweli, vyote vinaleta miguu ya moto. Usitumbukize miguu kwenye maji moto ya chumvi, ngozi isiyosikia inaungua wewe unaona raha tu. Na kama kuna baka kwenye ngozi ambalo ukiligusa na pamba halisikii, onyesha, maana ukoma bado upo na ni ugonjwa wa neva, dawa zake bure.

SWALI: Mdogo wangu wa miaka 27 aliharisha siku nne, wiki mbili baadae miguu ikaisha nguvu, kesho yake mikono, siku ya nne akawekwa mashine ya kupumulia. Sasa ametoka ICU wiki ya sita hii, mikono inarudi ila nyayo haziinuki. Wazee wanasema ni stroku, wanataka apelekwe kuchuliwa na mafuta ya moto. Je atatembea? Kaka, Mbeya.

Kwanza mmemuokoa, hongereni. Hii siyo stroku, waambie wazee stroku inachukua upande mmoja wa mwili na inakuja kwa dakika. Hii imepanda kutoka chini kwenda juu, pande zote mbili, kwa siku kadhaa, baada ya kuharisha. Mwaka 1916 madaktari watatu wa jeshi la Ufaransa waliiona kwa askari wawili vitani, ikabaki na majina ya wawili kati yao, Guillain-Barré, yule wa tatu, Strohl, wakamsahau maskini. Kinga ya mwili inapigana na mdudu wa tumboni, mara nyingi yule anayeitwa Campylobacter, halafu inachanganya adui na neva yako, inavua utando wa juu wa neva, kama kuvua plastiki ya juu ya waya.

Habari njema, plastiki inaota tena. Karibu wanane kati ya kumi wanatembea bila kushikwa ndani ya miezi sita. Wiki ya sita mikono inarudi ni dalili nzuri, maana nguvu inaisha kuanzia chini na inarudi kuanzia juu, nyayo ndo za mwisho. Ila pale ambapo waya wenyewe wa ndani uliumia, unaota kama milimita moja kwa siku, kutoka gotini mpaka kidoleni piga hesabu mwenyewe utaona ni zaidi ya mwaka. Kwahiyo msimwambie "jitahidi" kila asubuhi kana kwamba anakataa.

Mafuta ya moto hapana, ngozi yake inaweza isisikie. Msimnyanyue kwa kumvuta mkono, bega litachomoka, mshikeni kiunoni. Nyayo zikae zimeinuka, mto au ubao mguuni akilala, na fizio kidogokidogo mara nyingi, akichoka mpaka kesho yake amechoka bado basi mmezidisha.

Na ndugu wasomaji, hili likimpata mtoto wa chini ya miaka 15, kulegea ghafla kwa mkono au mguu, ripoti kituo cha afya siku hiyohiyo. Watataka choo mara mbili, masaa 24 katikati, kuhakikisha sio polio. Tanzania hatujaona polio ya asili tangu 1996 ila Malawi iliibuka 2022 hapo jirani.

SWALI: Bibi yangu wa Tarime anasema zamani kuna watu walipooza miguu kwa kula ugali wa muhogo. Ni kweli au stori za wazee? Mwanafunzi, Musoma.

Bibi yako hakosei. Ilikuwa 1985, ukame, watu wana njaa, mihogo michungu ambayo kwa kawaida inalowekwa na kuanikwa siku nyingi wakaikatisha njia, wakakausha na kusaga harakaharaka. Sumu ya sianidi ikabaki ndani ya unga. Wakala huo wiki na wiki bila maharage wala samaki, na mwili unahitaji protini yenye salfa kuiondoa hiyo sumu. Mtu analala mzima anaamka miguu imekaza, anatembea kwa vidole na magoti yanagongana. Zaidi watoto na akina mama. Inaitwa konzo, neno la Kiyaka la Kongo, maana yake miguu iliyofungwa, huko ilielezwa 1938, na Msumbiji 1981 iliwapata zaidi ya watu elfu moja.

Hii ukiniuliza ni neva au msuli nakwambia sio hivo vyote, ni njia za juu zinazotoka kwenye ubongo kushuka uti wa mgongo, ndo maana miguu inakaza badala ya kulegea. Haizidi baada ya siku zile za mwanzo, lakini hairudi. Walioipata wapo mpaka leo na fimbo zao.

Kama nyumbani mnasaga muhogo mchungu na hamna uhakika na unga, kuna njia alianzisha mtaalamu wa Australia, Howard Bradbury, rahisi mpaka utacheka. Weka unga kwenye beseni, piga alama unapoishia. Ongeza maji huku unachanganya, unga utashuka kwanza, endelea kuongeza mpaka urudi kwenye ile alama. Tandaza kwenye mkeka, unene usizidi sentimita moja, acha juani masaa mawili, au kivulini masaa matano. Gesi ya sumu inapaa yenyewe. Pika ugali siku hiyohiyo, usiuweke mpaka kesho utachacha, na bibi msalimie.